Simu za Jumapili za Ragnhild Öhman

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Bi. Ragnhild Öhman anavua koti jeupe baada ya kuitumikia maabara yetu ya damu hapa Umeå, kaskazini mwa Uswidi, kwa miaka thelathini na mmoja. Aliomba asipewe saa ya ukutani. Amepewa kiti cha kukunja cha kuvulia samaki kwenye barafu, na ninyi mliochanga mjue kwamba amekikagua na kukipitisha.

Kazi yake wengi mnaijua. Mtu akijikata, damu huganda. Baadaye mwili huyeyusha lile bonge, na una breki ya kuzuia uyeyushaji usizidi. Wapo wanaozaliwa na breki kali zaidi kwa tofauti ndogo tu katika jeni. Swali letu miaka yote limekuwa kama hao ndio wanaopatwa na kiharusi, bonge likiziba mshipa wa ubongo. Ili kulijibu, damu ilibidi itolewe asubuhi, breki inapokuwa kali, kwa mtu aliyepumzika na ambaye hajatia kitu mdomoni. Kumwambia mtu wa mkoa wetu wa Västerbotten aje asubuhi bila kahawa ni kutafuta ugomvi. Ragnhild aliutafuta kijiji kwa kijiji, vifaa vikiwa nyuma ya gari, na chupa kubwa ya kahawa na mikate ya iliki kiti cha mbele, kwa ajili ya baada ya sindano.

Huko kijiji cha Granträsk mzee mmoja alikuja mbio kwa skii, zile mbao za kutelezea thelujini, asichelewe, jasho likimtiririka. Damu ya mtu aliyetoka kukimbia haifai kwa kipimo chetu, kwa hiyo Ragnhild alimlaza kwenye benchi. Mzee akapitiwa na usingizi, akakoroma, na foleni nzima ikangoja na njaa yake.

"Mwamshe huyo, la sivyo mtapima maiti," mkewe akasema.

"Mwache, mama. Ndiyo kwanza damu yake inatulia," Ragnhild akajibu, akaendelea kuwasimulia hadithi waliokuwa kwenye foleni.

Ndiyo, anaongea. Mikutano mingi imechelewa kwa sababu yake. Ila wengi wenu hamjui kwamba zamani hakuwa hivyo. Kwao msemaji alikuwa Alrik, kaka yake pacha. Kila Jumapili jioni Alrik alimpigia simu na kusimulia, Ragnhild akisikiliza tu. Walipokuwa na miaka thelathini na minne, wiki ya uwindaji, Alrik alianguka msituni. Kiharusi kilimwachia uhai, kikachukua maneno. Mwaka uliofuata Ragnhild aliomba kazi kwetu.

Simu ziliendelea. Sasa yeye ndiye aliyepiga, na ilibidi awe na la kusema. Basi mambo yetu yote yamefika huko, hata siku Daktari Eskil Norrby alipofungia ufunguo wa friji ndani ya friji. Alrik alijibu kwa namna yetu ya kaskazini ya kukubali: kuvuta pumzi ndani, fyuu, basi. Hilo halihitaji ulimi.

"Nina hamu na sauti yake mpaka masikio yanauma," alituambia mwaka juzi.

Alichotaka kujua ni kimoja: kwa nini Alrik na si yeye. Wote wawili walitoa damu, wote wakaomba waambiwe matokeo. Daktari Norrby alimketisha akamweleza kwamba wana breki ile ile, kali sawasawa. Tofauti hiyo ya jeni peke yake haitoshi kumwangusha mtu. Kuna sigara, kuna shinikizo la damu, kuna bahati mbaya tu.

"Basi ningeweza kuwa mimi," Ragnhild alisema. Akaenda kupiga simu, ingawa ilikuwa Jumatano.

Sasa anahamia shamba la wazazi wao, akaishi na Alrik. Meza yetu ya kahawa itapoa, na tutaumia. Juzi, kwenye keki ya kuagana, Alrik alikuwepo, na Norrby akamchokoza.

"Kaka, utamweza huyu, kutwa nzima?"

Alrik alimtazama dada yake, akavuta pumzi ndani: fyuu.

Ragnhild, asante kwa yote. Uwe na afya na siku ndefu za furaha huko shambani. Na Jumapili jioni, ukikosa wa kumpigia, namba yetu unaijua, tutanyamaza, tukusikilize.