Albamu Isiyotaja Muntu

Ndugu zangu, mama zangu wa likelemba hii yetu ya kuchangiana franka kwa zamu, musiniombe kuimba. Nitasema tu, na mutaelewa kwa nini.

Wakati wa vita nilikuwa mwimbaji na mupiga gitaa hapa Kindu. Desturi yetu munaijua: unatupa jina la mukubwa ndani ya wimbo, naye anafurahi. Siku moja mukubwa wa watu wa bunduki akaniita kwenye sikukuu yake, akataka jina lake. Lakini mwenzangu mumoja alikuwa ametupa jina kama hilo, na wa upande ule mwingine walipoingia, walimuchukua. Hatukumuona tena. Basi nikashika shingo, nikasema koo inauma, nikapiga gitaa tupu.

Mukubwa akacheka kidogo. "Sawa. Kesho utaniimba. Ukikosa, utamuimbia Mungu uso kwa uso."

Mimi huyo, kungoja kesho? Nikavuka Lualaba na mutumbwi mpaka Alunguli. Mujane mumoja, hata hakunijua, akanificha jikoni nyuma ya kuni. Nawaambia, moshi wa jiko hauna huruma. Watu wa mukubwa wakafika mulangoni, na hapo hapo kikohozi kikanishika.

Mama alikuwa kwenye kinu chake, anatwanga majani ya muhogo apike sombe. Aliponisikia, akaongeza nguvu, nami nikakohoa chini ya ule mushindo.

"Mama, mbona unatwanga na hasira hivi?"

"Sombe ya leo iko ngumu, baba."

Wakasimama kumuangalia. Hakupoteza mapigo. Mwishowe wakaenda.

Vita ikaisha, woga ikabaki ndani yangu. Nikifungua kinywa kuimba, koo inafunga. Watu wakaniita mwimbaji bubu. Iliniuma sana. Nikaacha muziki, nikasukuma mizigo ya watu na baiskeli miaka mingi.

Juzi juzi tajiri mumoja akasema atalipia studio, nirekodi albamu, bora tu nitupe jina lake. Nikakubali. Nikasimama mbele ya mikro, na koo ikafunga. Nikamuona yule mukubwa, kama vile ameketi pale.

"Papa, tunangoja jina," fundi wa sauti akasema.

Nikaangalia mulango, niko tayari kukimbia tena. Ndipo nikasikia kinu kichwani, kile cha Alunguli, na vidole vyangu vikaanza kukifuata kwenye nyuzi.

"Ondoa mikro," nikasema. "Tajiri arudishiwe franka zake."

"Na nani atalipa?"

Ninyi njo mulilipa, ndugu zangu. Mulinipa zamu ya likelemba mbele ya zamu yangu, na hakuna aliyenidai jina. Albamu iko: rumba kidogo, jazi kidogo, kinu chini yake, neno hata moja hakuna. Asante sana. Na wewe ambaye vita ilikufunga koo, usijilazimishe kuimba. Tafuta kile mikono yako inakumbuka.

Jumapili nilimupelekea yule mama wa Alunguli asikie. Akaniuliza, "Na jina langu umelitupa wapi?" Wimbo wa tatu ulipoanza, mukono wake ukapanda na kushuka juu ya goti. Kisha akasema, "Huyu njo mimi. Na wewe uko nyuma ya kuni."

Leo ameketi kati yenu. Sitamutaja. Nipeni gitaa, kisha muangalie mukono wa nani utapanda.