Pazi bin Mwinyijuma na Kichwa cha Palahala

Baada ya kumshukuru Mola na kumsalia Mtume, nawasomeeni katika hitima hii maisha ya kaka yangu, Marehemu Pazi bin Mwinyijuma, aliyezaliwa Mkange mwaka 1904. Mimi, Bwanausi, nilizaliwa miaka mitatu baadaye, sifa zote zimekwisha kugawiwa.

Marehemu alisoma chuoni Miono kwa Mwalimu Mtoro. Alipohitimu msahafu, baba alichinja mbuzi. Nilipohitimu mimi, sikumbuki kuona hata kuku.

Mwaka 1927 aliajiriwa kuwaongoza Wazungu waliokuja kuwinda huku kwetu upande wa Saadani. Alifuata nyayo, na alikuwa na kazi ya kuwahi kumchinja mnyama kabla hajakata roho, ili sisi Waislamu tupate kula. Mwaka 1934 mgeni mmoja alimpiga risasi palahala dume, yule mnyama mweusi wa pembe ndefu, kisha akapiga kelele, "Usiguse shingo! Nataka kichwa kizima nikitundike ukutani!" Marehemu akasoma bismillahi, akachinja. Akamwambia, "Uniwie radhi, bwana. Angekufa vile, nyama yote ingetupwa." Mkange nzima ilikula, naye akafukuzwa kazi.

Nafasi yake nilipewa mimi. Nikavaa viatu, vichwa vikatoka safi, nyama ikaliwa na fisi. Tulibishana barazani miaka mingi. Nilimwambia, "Kaka, leseni za hawa wageni ndizo zinazolipa askari wa wanyama. Wasipokuja, majangili watawamaliza wanyama wote." Akanijibu taratibu, kwa ile sauti yake iliyoniudhi, "Mdogo wangu, mimi nikitega paa nafungwa. Mgeni akiua akaacha nyama ioze, anapigwa picha. Mtu wa hapa atamlindaje mnyama asiye na fungu kwake?" Nilikuwa na jibu zuri, lakini watu walishaanza kumsifu.

Alimwoa Bi Mwanamvua binti Mbaruku wa Ubena mwaka 1931. Wengine tulikuwa bado tunajipanga kupeleka posa.

Mwaka 1939 serikali ilitafuta askari wa wanyama. Niliomba mimi. Wazee wakamtaja Pazi, ambaye hata hakuomba, akapewa yeye. Niliumia, na naumia hadi leo. Hata hivyo haki yake nampa: wategaji walimletea mitego yao wenyewe, kwa kumwonea haya.

Mwishoni mwa 1955 alishikwa na kifua. Alitibiwa Bagamoyo, akarudishwa nyumbani, akafariki alfajiri ya tarehe 12 Machi 1956. Nilimwuguza mimi, ingawa wageni walijaa mpaka nikakosa pa kukaa.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu watatu na ndugu mmoja. Tangu juzi watu wa Mkange, Miono na Ubena wananishika mkono wakisema, "Pole, mdogo wake Pazi." Hakuna aliyenitaja jina. Nimeitika kila mara, maana sasa sijui nimwonee nani wivu.

Mola amrehemu kaka yangu, ampe mapumziko ya amani.