Koti la Jasusi na Kifungo cha Pili

Mwanangu anastaafu! Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, anarudisha ufunguo wa stoo ya tamthilia baada ya miaka thelathini na minane ya kuutunza bila kuupoteza hata mara moja. Haya, sasa ndiyo nawasalimu. Hamjambo wafanyakazi wote wa kituo chetu cha televisheni, wa zamani na nyinyi wapya msionijua?

Mimi ni yule fundi cherehani wa chumba cha mavazi, mama yake mzazi. Mhariri wa jarida hili alitafuta mtu aliyeanza kazi pamoja na binti yangu amwandikie wasifu, akakuta wote wameshaondoka. Nikamwambia, "Baba, niachie mimi. Siku anaajiriwa nilikuwepo, na siku anazaliwa nilikuwepo pia." Akacheka, akanipa ukurasa. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kumsifu mtoto huyu hakuhitaji cheti.

Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na miwili, msaidizi wa stoo. Kazi yake ilikuwa kutafuta vitu vya tamthilia za enzi zilizopita: simu, kofia, masanduku, miwani. Wengine wangeleta kitu kinachofanana tu na kwenda zao. Huyu alisoma kitabu chenyewe kwanza, ukurasa kwa ukurasa, penseli sikioni. Mwongozaji akitaka taa nyekundu mezani, yeye anajibu, "Kitabuni ni ya kijani." Ndipo wakambatiza jina la Bi Kitabuni. Walimtania, lakini taa ilibadilishwa.

Nendeni mkaione hiyo stoo kabla hajatoka. Dirisha liko juu, mwanga unashuka kama unga unaochekechwa. Kuna saa za ukutani thelathini na moja, zote zimesimama, kila moja na wakati wake. Simu nyeusi za kuzungusha zimepangwa kama paka waliolala. Harufu ni ya dawa ya nondo na karatasi kuukuu. Nikikaa humo mchana na chai yangu, huwa sijui ni mwaka gani. Mara nyingine nadhani simu moja italia, na nikiipokea nitasikia sauti yangu mwenyewe nikiwa msichana.

Kazi iliyomletea sifa ni tamthilia ya yule jasusi mpole, iliyotokana na kitabu cha zamani ambacho sasa kila mtu anajifanya amekisoma. Jasusi huyu hapigi mtu. Anakaa dirishani, mvua inateremka kwenye kioo, anakoroga chai, anafikiri ni rafiki yupi aliyemsaliti. Anakoroga hiyo chai dakika nzima! Nami nyumbani nakoroga yangu, nikija kushtuka sijui mvuke ule unatoka kikombe chake au changu.

Mwaka huu wametengeneza filamu ya kitabu kilekile, ile kubwa yenye mabango kila kituo cha basi. Mjukuu wangu wa kike alinipeleka. Sitasema uongo, nilimshika mkono mara nne, na bisi zilikuwa tamu. Lakini jasusi wangu wamemgeuza nini? Anaruka kutoka ghorofani, magari yanalipuka, chai hanywi hata funda. Na koti lake ni jipya, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Hapo nikamwambia mjukuu, "Huyu si yeye." Watu wa mbele wakanigeukia, "Shh, bibi!" Nikarudi kwenye bisi zangu, lakini nilikuwa na haki, kwa sababu habari yote ya kitabu kile iko kwenye kifungo.

Sikilizeni. Sura ya tatu jasusi anashuka ngazi mbio, kifungo cha pili cha koti kinakatika, na msaliti anakiokota. Kuanzia hapo mpaka mwisho anatembea na pengo kifuani. Hashoni kingine kwa sababu mkewe amemwacha na yeye hana moyo wa kushika sindano. Mimi wakati tamthilia ile inatengenezwa kitabu sikuwa nimekisoma.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo limenikaa kooni miaka kumi na tisa.

Nilikuwa nimebakiza wiki tatu nistaafu. Waliniletea koti nilipige pasi asubuhi. Naangalia, kifungo cha pili hakipo. Nikajisemea, yaani mwanaume wa watu aonekane nchi nzima akiwa hivi, na mimi fundi nipo? Nikatafuta kinachofanana, nikakishona kwa uzi wa nta, kigumu, kazi ya mkono wangu mnaijua. Binti yangu alikuwa mtaani tangu alfajiri akibandika matangazo ya kizamani ukutani. Bomba la mvua ya kuigiza lilikuwa linamwaga maji, hakuna aliyegundua. Wakapiga picha kutwa nzima. Jioni walipokaa kuzitazama, yeye ndiye aliyeona. Nilimwona akishika mdomo.

Siku nzima ya kazi ikawa bure: mtaa uliofungwa, magari ya kizamani, waigizaji arobaini walioloa. Mwongozaji akatukusanya chumba cha mavazi. "Nani amegusa hili koti?" Nikafungua mdomo. Binti yangu akanikanyaga mguu, kweli kweli, kidole kiliuma wiki nzima, akasema, "Ni mimi, mkuu. Nilipitiwa."

"Wewe? Bi Kitabuni?"

"Mimi."

Alipewa barua ya onyo. Mwaka ule alikuwa apandishwe kuwa mkuu wa stoo, cheo akapewa mwingine, na yeye akasubiri miaka sita. Nyumbani nilimlilia, nikamwambia kesho naenda kusema. Alikuwa anamenya viazi, wala hakuinua kichwa. "Mama, umebakiza wiki tatu. Acha uondoke vizuri." Nikaacha. Nikaagwa kwa keki na makofi, na jarida hilihili likaandika kwamba fundi cherehani anaondoka bila doa. Nimelitundika sebuleni. Kila nikilipita naangalia pembeni.

Basi andikeni leo: kile kifungo nilishona mimi. Doa ni langu. Barua ile ya onyo iondolewe kwenye faili lake kabla hajatoka, naomba hivyo kwa heshima, na nisipojibiwa nitakuja mwenyewe ofisini na kiti changu.

Mengine mnayajua. Aliwafundisha vijana tisa wa stoo, na wote mpaka leo wanasoma kitabu kabla ya kugusa rafu. Mwaka huu amemaliza kazi yake ya mwisho, tamthilia ya kitabu cha pili cha jasusi yuleyule, sasa amezeeka, koti lilelile, pengo lilelile. Sehemu tano mmeshaziona. Ya sita bado, na nitawaibia siri. Jasusi anahamia chumba cha kupanga, na mwenye nyumba, bibi kizee, anamwambia avue koti. Kisha inaonekana mikono tu, inashona kifungo cha pili, taratibu, mvua ikinyesha nje.

Mikono ile ni yangu. Binti yangu alinifuata nyumbani kwa gari la kazi, akanikalisha chini ya taa, akanipa sindano. Akaniinamia sikioni. "Haya Mama, shona. Safari hii imo kitabuni." Mtu wa kamera akashangaa kwa nini wote wawili tunacheka huku tunalia.

Anayoyaacha yanamtia hofu. Keki ya kuagwa haiwazi kabisa. Mkurugenzi amesema wazi: watu siku hizi wanataka milipuko. Sehemu ya sita itaonyeshwa kwanza ukumbi mkubwa, na mkurugenzi mwenyewe atasimama mlangoni akihesabu watu. Ukumbi ukijaa, kitabu cha tatu kitatengenezwa na stoo itabaki. Usipojaa, stoo inabomolewa, saa zangu thelathini na moja zinaenda jalalani. Viti ni mia mbili na kumi. Mimi na wajukuu tuko saba.

Mwanangu, Bi Kitabuni, asante kwa miaka yako, na asante kwa kidole changu. Wote hapa tunakuombea siku ndefu zenye mvua ya polepole, chai isiyopoa, na vitabu ambavyo sasa utavisoma bila penseli.

Na nyinyi wengine, mje na majirani, mje na wakwe, mje hata mnaopenda milipuko. Nitavaa gauni langu la buluu, nitakuwa safu ya mbele. Onyesho ni Jumamosi hii, tarehe thelathini na moja, saa tisa alasiri.