Ganzi ya Mke wa Seremala

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeteremka mpaka kwenye paa la Kinyozi, na mtaa mzima ulikuwa kama mtu aliyefumbua jicho moja tu. Benchini tulikuwa watatu: Kinyozi mwenyewe, ambaye hashiki wembe kabla ya kahawa, Redio, tuliyempa jina hilo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, na mimi, fundi viatu. Seremala akatokea polepole kwenye ukungu, akitoka hospitali. Mkewe alikuwa amepasuliwa jana yake, akatolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe uliomvujisha damu miezi na miezi.

— Mgonjwa vipi? nikamuuliza, huku nikimsogezea kikombe.

— Anaendelea vizuri. Hana maumivu.

— Wee! Redio akaruka. Apasuliwe tumbo halafu asiumwe?

— Walimchoma sindano za ganzi, hapa na hapa.

Akajigusa ubavuni, kulia na kushoto.

— Daktari wa usingizi anaangalia kwenye skrini, anaona sindano inavyopenya katikati ya nyama mpaka ilipo mishipa ya fahamu. Anamwaga dawa palepale. Miguu anachezesha, maneno anaongea, ila tumbo limenyamaza. Anasema mshono anausikia kwa mbali, kama watu wanaozungumza nyumba ya jirani.

Tukatega masikio, tukiwasikiliza hao watu wa nyumba ya jirani.

— Sasa hayo maumivu yameenda wapi? Kinyozi akauliza.

— Yako nje ya mlango, Redio akasema. Ganzi ikiisha yanaingia yote kwa mpigo.

— Nesi amesema watampa vidonge kabla haijaisha.

— Basi yanahama! Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwaje?

— Anakoroma.

— Umeona? Yamemwingia ndotoni.

— Ndiyo maana mimi nimeamka kiuno kinaniuma, Kinyozi akasema. Mpaka huku yamefika!

— Mimi ningekuwa daktari, Redio akaendelea, ningeuchoma mtaa wote sindano ya ganzi. Tukatembea kama tuko juu ya pamba. Mtu akikutukana, unamsikia kwa mbali tu.

Seremala akacheka, kichwa kimeegemea ukuta, macho yanajifunga. Ukungu ulikuwa unatupita magotini. Kwa kweli, hata mimi nilianza kujihisi mwepesi.

Ndipo akaja dada wa mkewe, aliyekuwa amempokea zamu ya kukaa na mgonjwa.

— Shemeji, kumbe uko huku? Mwenzio analia.

Seremala akashtuka, kahawa ikammwagikia.

— Ganzi imeisha?

— Haijaisha. Nesi amemgusa tumbo, hasikii kitu. Analia tu.

— Wamwongeze dozi, Kinyozi akasema, lakini kwa sauti ndogo.

— Wamwongeze wapi? yule dada akamgeukia. Hiyo sindano wataichoma wapi?

Kinyozi akatazama kikombe chake. Redio naye akaanza kukusanya vikombe, jambo ambalo sijawahi kuliona. Sote tulijua kwamba Seremala na mkewe walikuwa wakingoja mtoto tangu waoane. Tulikuwa tumeongea asubuhi nzima na hakuna aliyelitaja.

Seremala akainuka, akaondoka bila hata kuaga. Shemeji yake akamfuata.

Kesho yake Seremala alipita kibandani kwangu, peke yake, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Akaniambia ganzi iliisha jioni, mshono ukauma kiasi, vidonge vikautuliza.

— Na kile kilio?

Akakivuta kigoda karibu nami.

— Tangu siku daktari aliposema kizazi kitatoka, nilikuwa namwambia usijali, hutaumia. Kila siku hilo hilo. Jana nikaliacha hilo, nikamwambia ukweli. Nikamwambia, mimi mtoto tuliyekuwa tukimngoja nilishampa jina.

— Akasemaje?

— Akafuta machozi. Akanisogezea mto karibu, akasema: niambie.