Mguu wa Kati wa Kigoda

Ndugu, majirani na wote mliokuja kutushika mkono, familia imeniomba mimi, mdogo wake ninayemfuata kwa kuzaliwa, niwasomee maisha ya dada yetu, mchora nembo, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Nembo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1958, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano, akasoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, na mwaka 1975 akamaliza sekondari. Mwaka uliofuata alianza kazi kwa mchora mabango wa mtaa wa sokoni, na huko ndiko alikojifunza kwamba nembo haianzi na brashi, inaanza na maswali, unauza nini, anayenunua ni nani, ataiona akiwa wapi, na kwamba nembo isiyoenea kwenye mhuri mdogo wa risiti haifai hata ikipakwa ubavuni mwa lori. Hakuwa mtu wa kubembeleza wateja, maana mwoka mikate mmoja alipotaka simba, jua, ramani ya dunia na sura yake mwenyewe, dada alimuuliza kama anauza mikate au anagombea urais. Desturi yake ilikuwa kumwonyesha mteja mchoro mara moja tu, kuuficha, na baada ya wiki kumpa penseli auchore kwa kukumbuka, kile ambacho mkono wa mteja umekisahau alikitoa, na kile ulichokikumbuka ndicho kilichokuwa nembo.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na shemeji yetu, seremala, wakajaliwa watoto watatu, wa kike mwaka 1983, wa kiume mwaka 1985, na wa kike tena mwaka 1988, na huyo wa mwisho alipozaliwa dada alichora nembo ya karakana ya mumewe, kigoda cha buluu chenye miguu mitatu, mguu mmoja kwa kila mtoto, akaipaka kwenye bango la mlango huu mlioingilia. Tarehe 9 Februari 1992 mtoto wa kati alifariki kwa homa ya ghafla, akiwa na miaka sita, na shemeji, aliyepita chini ya bango kila asubuhi, alimwomba mkewe aufute mguu wa kati, kwa kuwa hakuweza kuutazama kisha akashika randa.

Dada aliufuta kwa rangi nyeupe. Wateja walianza kuuliza mbona kigoda kinataka kuanguka, naye akawajibu kwamba kimechorwa kwa upande, lakini kila kiangazi ile buluu ilijitokeza tena chini ya nyeupe, hafifu, mahali pale pale, naye akapanda ngazi kuifunika, mwaka baada ya mwaka, na aliniambia kwamba kila akiinua brashi alijiona anamfunika mwanawe uso. Ndani jina la mtoto halikutajwa, na niseme wazi, tuliliogopa bango lile mchana kweupe.

Mwaka 2004 mhuri wa karakana ulichakaa, na dada, badala ya kunakili bango, alimpa mumewe penseli kama mteja mwingine yeyote, achore nembo yake kwa kukumbuka. Shemeji alichora kikalio, akachora mguu, akachora wa pili, akachora na wa tatu, ndipo alipoona alichokifanya, akalitaja jina la mwanawe kwa mara ya kwanza tangu mazishi, wakalia wote wawili. Tangu siku hiyo ngazi haikuegemezwa tena pale.

Dada alianza kuugua mapafu mwaka 2021, akalazwa mara kadhaa, na sauti ilipokwisha alikuwa akipitisha kidole kwenye shuka, mistari mitatu, tena na tena, mpaka alfajiri ya tarehe 11 mwezi huu alipotutoka. Ameacha mume, mabinti wawili na wajukuu wanne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliolala nasi, na wachora mabango wenzake mliofunga vibanda leo. Mmoja wenu jana alileta rangi nyeupe ili bango lipendeze mbele ya wageni, tunamshukuru kwa moyo wake, na atusamehe kwamba shemeji alimnyang'anya brashi. Mkitoka, tazameni juu ya mlango, mguu wa kati unaonekana vizuri.

Pumzika, dada, pumzika kwa amani, mwanao hakuna atakayemfunika tena.