Nyangi Machage na Baraza la Kumi na Watatu kwa Kumi na Watatu

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuandika mihtasari ya vikao vya madiwani, Mama Nyangi Machage anastaafu tarehe 30 Juni. Sisi wa masjala tumekuwa tukijifanya hatuioni hiyo tarehe.

Alianza kama mchapaji. Dhahabu ilipopamba moto Nyamongo, makarani watatu waliaga wakaenda kununua mawe ya dhahabu. Yeye alisema vumbi la mafaili linamtosha. Madiwani walimwogopa kuliko mkurugenzi. Ukichelewa kusaini daftari la mahudhurio, chai yako anapewa dereva.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa ule uchaguzi ulioleta madiwani kumi na watatu kila upande. Kura zikilingana, ya mwenyekiti ndiyo huamua, kwa hiyo atakayepata kiti kile amepata baraza zima. Walipiga kura ya mwenyekiti mara mbili, ngoma droo. Siku ya kura ya tatu, Heche, diwani wa Gorong'a, alifika ukumbini akiwa amefiwa na mama yake ng'ambo ya mpaka, Kenya. Mazishi yalikuwa siku hiyohiyo. Akienda, wenzake wanabaki kumi na wawili na wameshindwa. Alikaa kitini, machozi yanamtoka, haendi.

Nyangi hana kura. Alifunga daftari, akavuka ukumbi kwenda kwa wapinzani wa Heche, akauliza tu nani atamsindikiza mfiwa. Kisha Christina, diwani wa Nyamongo na mpinzani mkali wa Heche, akachukua mkoba wake, wakaondoka pamoja. Wakabaki kumi na wawili kwa kumi na wawili. Kura ikalingana tena, na Heche akamzika mama yake. Wawili hao ndio waliorudi na wazo la kupokezana uenyekiti, mwaka huu hawa, mwakani wale. Tangu hapo mfiwa huondoka na mmoja wa upande wa pili. Haimo kwenye kanuni yoyote, na haijavunjwa.

Mama, kuna jambo niliseme mbele ya watu. Mama yako mzazi alipofariki Mbalibali tulikuwa kwenye bajeti, ukakaa ukaandika hadi jioni kwa sababu hakuna aliyejitolea kushika kalamu. Mimi msaidizi wako nilikuwa pembeni yako, nikaangalia karatasi zangu. Mazishi yalikupita. Inaniuma mpaka leo. Nisamehe.

Asante kwa kila ukurasa. Ijumaa ijayo madiwani wa pande zote mbili wameahirisha kikao, twende nawe Mbalibali, kaburini kwa mama. Baada ya hapo upumzike, ulale hadi saa tatu ukitaka, na Mungu akupe uzee wenye raha.

Nathan Ndalahwa, Masjala