Ndugu Lutengano na Ndama Waliolala Jikoni

Ndugu Lutengano Mwasomola ameutumikia mlima wetu wa Chisanka miaka kumi na sita, na tarehe 30 Juni 1982 anastaafu umeneja wa shamba la mifugo. Karani alitaka kuniandikia maneno haya kwa taipu. Nilimkatalia. Kisomo cha watu wazima nimesoma, cheti ninacho ukutani, na kwa habari za Chisanka hakuna wa kunizidi kuanzia Mollo mpaka Namanyere.

Alifika mwaka 1966 juu ya lori kutoka Mbeya, yeye na mkewe Mama Tusajigwe, na koti moja jepesi lililonichekesha sana. Upepo wa Ufipa mwezi wa Juni hauna adabu. Wiki ya pili akavaa makoti mawili, na sina hakika kama ameyavua mpaka leo.

Alikuta ng'ombe wanatangatanga mlima mzima na kupe wamewajaa masikioni. Akajenga josho. Akaugawa mlima vipande, kipande kimoja kinalishwa, kingine kinapumzika. Akatufundisha kuchoma nyasi mapema, zingali na unyevu, moto usitukimbie. Ukuta wa mawe unaokinga zizi upande wa upepo watu husema ni wake pia. Ukuta ule ni wazo langu. Yeye alileta saruji tu, na hata mbele yake nitalisema.

Ni Mmoraviani, lakini kanisa lake lilikuwa mbali mjini, kwa hiyo Jumapili alikaa benchi la nyuma katika kanisa letu Katoliki na kuimba kuliko kwaya nzima. Padri alimzoea. Hata ng'ombe aliwahesabu akiimba, na ubeti ukikatika tulijua mmoja hayupo.

Sasa niseme jambo lenyewe la kumshukuria. Fahali wa kisasa aliyeletwa shambani alitupa ndama chotara, wazuri wa kutazamwa, lakini kipupwe cha mwaka 1974 kiliwamaliza kwa kichomi. Tulichimba mashimo mpaka tukachoka. Wakubwa wakatoa neno: ndama wakifa tena, Chisanka inafungwa, ng'ombe wanapelekwa kwingine na sisi tunarudi makwetu. Mimi na jembe tulishaachana zamani. Niliogopa, na siogopi ovyo.

Mwaka uliofuata baridi ikarudi, ndama wakaanza kukohoa. Wakati huo kijiji cha ujamaa kilikuwa kimeshahamia chini ya mlima, nyumba mpya mstari kwa mstari. Ndugu Lutengano alishaona kwamba ndama wa kina mama wa pale hawakohoi, kwa sababu wanalala jikoni, karibu na mafiga. Akaita mkutano. Akasema, "Jamani, ng'ombe hawa mnaambiwa ni wa wote. Basi na baridi yao iwe ya wote." Jioni ile kila nyumba ikapokea ndama. Ruhusa hakuiomba popote, maana angeiomba angenyimwa.

Kijiji kikavuka mipaka. Ndama walinyweshwa uji wa ulezi. Walivikwa mablanketi. Walipewa majina ya watakatifu, na Cornelia, mama mmoja mwenye ulimi wake, wa kwake akamwita Basil. Tulipodai wapandishwe mchana wakale majani, kina mama wakatufukuza kwa miko.

Kumbe wakubwa wako njiani. Gari likapanda asubuhi moja bila taarifa, wakaenda moja kwa moja zizini. Tupu! Mkubwa wa msafara akamgeukia meneja.

"Ndugu Meneja, ndama wako wapi?"

"Wamelala kijijini, ndugu."

"Wamelala, au mmewala?"

Nikaona shamba limefungwa. Nikapanda juu ya ukuta wangu nikapiga mbinja ya kuwaita ndama, na mbinja yangu inafika ng'ambo ya bonde, muulizeni yeyote. Wakatokea. Kina mama wakaupanda mlima mmoja mmoja, kila mmoja na ndama wake nyuma kama mtoto anayekwenda kliniki. Wa mwisho alikuwa Cornelia, hana haraka hata kidogo.

"Mama, unatuchelewesha," mkubwa akamwambia.

"Basil alikuwa hajamaliza uji. Wewe asubuhi ulikunywa chai, au hukunywa?"

Tukainamisha vichwa, tusionekane tunacheka. Mkubwa hakucheka. Alimkazia macho meneja. "Mali ya umma inalala jikoni kwa watu?"

Ndugu Lutengano akaonyesha kwa mkono mstari ule wa kina mama. "Umma ndio huu, ndugu. Umepanda mlima wenyewe."

Wakahesabu. Hakupungua hata mmoja, hakukohoa hata mmoja. Mkubwa akazunguka, akagusa pua za ndama, akalivuta blanketi la Basil, Cornelia akalirudisha pale pale. Mwisho akasema baridi ikiisha warudi zizini, na mwaka ujao apelekewe habari mapema. Mwaka ujao! Hapo tukajua Chisanka imepona. Ndama waliporudi zizini mwezi wa Septemba walilia wiki nzima, na kina mama nao.

Ndugu Lutengano, mimi sina desturi ya kushukuru watu, lakini leo nashukuru, kwa niaba ya wachungaji na kwa kinywa changu mwenyewe. Watoto wetu walikua kwa maziwa ya mlima huu.

Kijiji kimekutolea mtamba, atapanda lori pamoja nanyi mpaka kwenu Tukuyu. Usimpokee kama zawadi. Tumekuwekea umtunze, kama tunavyowekeana ng'ombe sisi kwa sisi. Maziwa ni yenu, samadi ni yenu. Ndama wa kwanza ni wetu, na anarudishwa na aliyewekewa mwenyewe. Hatumwi mtu, hata mtoto wako.

Kwa hiyo wewe na Mama Tusajigwe kaeni salama, mshibe, mpumzike, na makoti yote mawili msiyaache. Mtamba tumeshampandisha kwa fahali. Mwakani tunakungoja.

Polikarp, mkuu wa wachungaji, Chisanka